Kisima Kilichofagiwa

Mtu akiishi peke yake muda mrefu huanza kusalimia vitu. Mwamvita alianza na kuku, akahamia kwenye masufuria, na kabla hajajijua alikuwa anauamkia mfenesi wa uani kila asubuhi, maana ulipandwa na bibi yake na kwa umri ulimzidi. Hakuwa mwendawazimu. Mwendawazimu husalimia na kujiitikia mwenyewe. Mwamvita alisalimia tu, akanyamaza kidogo kwa adabu kama anayengoja jibu, halafu akachukua fagio.

Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa juu ya Kinole, mahali ambapo pikipiki hukata tamaa na mtu huanza kutegemea magoti yake. Zamani kitongoji kile kilikuwa na nyumba za kutosha kugombana. Watu waligombania mipaka ya migomba, mbuzi walikula mihogo ya wenyewe, wanawake walinuniana kisimani na kupatana msibani. Kisha vijana wakashuka. Wengine walikwenda Mwembesongo kuuza nyanya na mitumba, wengine Turiani kwenye miwa, na wazee wakaondoka kwa njia yao ile isiyo na nauli. Jirani aliyebaki alikuwa Mwinjuma, chini ya mteremko, mgane asiye na mtoto. Lakini Mwinjuma alikuwa mtani wake wa ukoo, na mtani si mtu wa kumlilia shida. Ukimwambia unaumwa jino, atakuuliza kumbe bado unalo.

Mumewe, Abasi, alikuwa amekufa. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na Abasi alikuja pale kulima kwenye ardhi ya kina Mwamvita; alipokata roho ndugu zake walipanda mlima, wakamfunga kwenye machela, wakaenda kumzika kwao Mkuyuni. Ilikuwa haki yao, na Mwamvita hakubisha. Ila alibaki hana hata kaburi la kufagia, na hilo lilimuuma kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

Binti yao wa pekee, Shakila, alikuwa na genge la mboga Mwembesongo na nyumba ya vyumba vitatu. Kimoja alikipaka rangi ya kijani kwa ajili ya mama yake. Mtandao wa simu ulipatikana juu ya jabali moja tu, nyuma ya shamba la pilipili manga, kwa hiyo kila Ijumaa jioni Mwamvita alipanda pale, akasimama na simu sikioni, akasikia habari za chumba cha kijani.

"Kinakungoja, mama."

"Kingoje tu. Hakina miguu."

Sababu aliyoitoa ilikuwa kisima. Chini ya nyumba, kwenye bonde lenye giza hata mchana, kulikuwa na chemchemi ya ukoo, iliyotoka kwa bibi hadi kwa mama hadi kwake. Miti ya pale haikatwi. Hivyo ndivyo alivyoambiwa, naye alimwambia Shakila, na Shakila alipaswa kumwambia binti yake kama angejaliwa. Kisima hakiachwi bila mwanamke. Hiyo ilikuwa sababu ya kusema mbele za watu. Ile ya moyoni ilikuwa kwamba alijiona tayari huko mjini, amekaa juu ya ndoo kwenye uwanja wa mtu, anaulizwa kama amekula.

Basi hapo ndipo Editha alipotokea. Alifika mwishoni mwa masika, amelowa chapachapa, viatu vimejaa tope, na wavu begani kama mtu aliyepotea njia ya kwenda kuvua.

"Shikamoo bibi. Naomba maji ya kunywa. Na kama hutajali, naomba nikuulize habari za wadudu."

"Marahaba. Maji yapo. Wadudu nao wapo, utachagua mwenyewe."

Alikuwa binti wa Bukoba, amesoma chuo kikuu Morogoro mjini na kubaki hukohuko akifanya utafiti. Alikuwa anamtafuta kereng'ende. Si wale wekundu wanaocheza juu ya madimbwi, ambao kila mtoto amewahi kumfunga mmoja uzi. Huyu alikuwa mweusi, mwembamba kama njiti ya chelewa, na ncha ya mkia wake nyeupe kana kwamba imechovywa kwenye unga wa muhogo. Aliishi kwenye vijito vya msitu wa milima hii tu, alisema Editha, si kwingine duniani, na kijito kimoja baada ya kingine alikuwa ametoweka. Mahali miti ilipokatwa, hayupo. Mahali palipolimwa bustani za mboga mpaka ukingoni, hayupo. Editha alikuwa amezunguka mlima mzima na hajamwona hata mmoja.

Mwamvita alimshusha kisimani. Alimwonyesha gogo bovu lililolala majini tangu enzi za mama yake, limeota kuvu na ndevu za ukungu. "Si huyu?"

Editha alikaa chini kwenye tope, akalia. Mwamvita alikuwa hajawahi kuona mtu akilia hivyo nje ya msiba. Alimpa ncha ya kanga yake ajifute, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akamtazama vizuri yule mdudu, ambaye alikuwa anamwona tangu utotoni bila kumwona.

Siku zile Editha alilala kwenye chumba cha zamani cha Shakila. Akaondoka, akarudi. Akawa anarudi kila baada ya miezi miwili au mitatu, na mkononi siku zote ana sukari na majani ya chai, kwa sababu alilelewa vizuri. Mchana walikaa kisimani kimya. Jioni walipika magimbi na kuzungumza mpaka koroboi ilipoishiwa mafuta. Editha alimweleza kwamba dume huchagua kituo chake, hapo kwenye gogo, akakaa akimsubiri jike apite. Akifukuzwa na upepo, anarudi palepale. Anaweza kusubiri mpaka mabawa yachakae.

"Na jike asipopita?" aliuliza Mwamvita.

"Anasubiri tu, bibi."

Mwamvita alichochea moto. Tangu siku hiyo alianza kumwonea huruma yule mdudu, huruma ya mtu anayemfahamu jirani yake.

Tuseme kweli, maana hakuna faida ya kuficha. Si kereng'ende aliyempenda. Alimpenda Editha. Alipenda kusikia mtu akipiga mwayo chumba cha pili. Alipenda kupika chakula kikaliwa na vinywa viwili. Editha akiondoka, sauti ya nyumba ilirudi kuwa ya kuku na matone ya mvua, na Mwamvita alianza tena kungoja, akiulinda mlango wa matumaini yake, ambao ulikuwa ni mdudu mmoja mweusi juu ya gogo bovu. Kwa Shakila alisema, "Nikishuka, nani atawaangalia wadudu wa Editha?" Na Shakila akajibu kwa sauti kavu, "Sawa, mama. Lea wadudu."

Kiangazi cha mwaka wa pili, Editha alileta habari. Kulikuwa na wageni wa kutoka shirika moja la hifadhi, watakuja Jumamosi ijayo. Wakimwona kereng'ende kwa macho yao, kisima kitawekewa ulinzi pamoja na msitu wake, hakuna atakayelima bondeni, na Mwamvita atatambuliwa kuwa mlinzi wake. Editha mwenyewe atapewa kazi ya kuja pale kila mwezi, kwa miaka.

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi, bibi. Mpaka utanichoka."

Ijumaa ile Mwamvita alipanda jabali kama msichana. Shakila alisikiliza yote, kisha akasema, "Haya mama. Wakikupa hiyo kazi, sitakusumbua tena. Wasipokupa, utashuka. Tumeelewana?" Mwamvita alikubali bila kufikiri. Alikuwa na hakika kama mtu aliyeshika kuku wake mkononi.

Editha akarudi mjini kuwapokea wageni. Mwamvita akabaki na wiki nzima na furaha isiyo na pa kwenda. Sasa, mwanamke wa Kiluguru akiambiwa wageni wanakuja, haulizi afanye nini. Mikono yake inajua. Uwanja mchafu mbele ya mgeni ni aibu ya ukoo mzima, ya walio hai na waliozikwa. Watu watasema, hawa hawakufunzwa. Alifagia uani. Alipaka kuta udongo mwekundu. Alifagia njia kutoka barabara ya pikipiki mpaka mlangoni, na ilipokwisha njia ile akaitazama ile nyingine, inayoshuka kisimani.

Wageni walikuwa hawaji kuona nyumba. Walikuwa wanakuja kuona kisima. Na kisima, ukitazama kwa macho ya mgeni, kilikuwa aibu tupu. Majani ya miaka yameoza yamekuwa uji. Kangaga za ukingoni zimeangukia maji. Matawi yameshikana juu mpaka mtu anapapasa. Na lile gogo katikati limekaa kama maiti isiyozikwa.

Alishuka na panga na fagio la chelewa. Miti hakuikata, Mungu shahidi. Mwiko ni mwiko. Alikata matawi tu, yale ya chini yaliyoziba mwanga. Alifyeka kangaga. Alizoa majani yaliyooza kwa karai, karai baada ya karai, akayamwaga mbali. Alisugua ukungu kwenye mawe mpaka yakawa meupe, akayapanga yawe vigoda vya wageni. Gogo lilimshinda, akamwita Mwinjuma.

Mwinjuma alisimama ukingoni, mikono kiunoni. "Mtani, wenzako wanamfagilia bwana harusi. Wewe unamfagilia mdudu."

"Shika upande huo, uache maneno."

"Siku nikifa mimi utanifagilia hivi?"

"Ukifa wewe nitatupa fagio, kazi itakuwa imekwisha. Vuta."

Walivuta. Gogo lilitoka likiwa limejaa maji, wakalisukuma kwenye mteremko, likabingirika likapasuka vipande. Hapo jua likaingia. Lilishuka kwa mara ya kwanza mpaka kwenye kitako cha kisima, maji yakang'aa, changarawe ikaonekana moja moja. Hata Mwinjuma aliishiwa utani. Mwamvita alisimama akaegemea fagio, jasho likimtoka, akawaza, laiti mama yake angepaona. Wale kereng'ende waliokuwepo waliondoka wakati wa kazi, lakini hakushtuka. Hata kuku hukimbia ukifagia, kisha hurudi.

Jumamosi wageni walifika. Walikuwa watatu, mama mmoja mtu mzima na wanaume wawili, wote wanyenyekevu, wote wanahema. Mwamvita alikuwa amechinja jogoo na kupika wali wa nazi. Editha alimkumbatia mlangoni, akasifu ukuta, akasifu uwanja. Kisha akatangulia na wageni kushuka bondeni, na Mwamvita akafuata nyuma, akisubiri kusikia sauti ya mtu akistaajabu.

Hakusikia kitu. Alimkuta Editha amesimama mwisho wa njia. Alikuwa ameweka mkono mdomoni. Mwamvita alidhani ni furaha, kama ile siku ya kwanza.

Walikaa juu ya yale mawe meupe. Jua liliwapiga utosini. Walikaa mpaka yule mama akafungua mwavuli. Hatimaye kereng'ende mmoja akaja, akazunguka juu ya maji, mwekundu kama pilipili, na mmoja wa wale wanaume akainua kamera kwa furaha. "Ndiye huyu?"

"Hapana," alisema Editha taratibu. "Huyo yupo mpaka kwenye majaruba ya mpunga Turiani. Huyo anapenda jua."

Wali uliliwa kidogo, kwa heshima. Wageni walishukuru sana, wakasema mahali ni pazuri mno, pasafi, na mmoja akasema pangefaa hata kwa mapumziko ya watalii. Walipotangulia kushuka kwenye pikipiki, Editha alibaki uani, ameshika begi lake kwa mikono miwili.

"Bibi, yeye anaishi gizani. Jike hutaga mayai kwenye gogo lililooza. Watoto wake wanakua chini ya majani yale, majini, muda mrefu. Ule uchafu ndio nyumba yake."

Mwamvita alimtazama. Alitaka kukaa, lakini hakukaa, maana mgeni hajakaa.

"Mbona hukuniambia?"

"Sikujua kama..." Editha alishindwa. "Ni kosa langu. Nilikuambia wageni wanakuja. Nilipaswa kujua utafagia."

"Ningewaleta watu kwenye uchafu?"

"Hapana, bibi. Usingeweza."

Angemgombeza ingekuwa afadhali. Angepandisha sauti, Mwamvita angepandisha yake, wangelia, wangepatana, wangepika chai. Lakini Editha alimbusu mkono, akasema atapiga simu, akashuka mlima. Upole wake ndio uliofunga mlango. Mwamvita alisimama uani kwake, uwanja safi kila upande, hata unyayo wa kuku hauonekani, akajua kwamba kwa mikono yake mwenyewe amemfukuza mgeni ambaye kwa ajili yake alifagia.

Editha alipiga mara moja. Ulinzi umepelekwa kwenye msitu mwingine, mlima mwingine kabisa, naye amepangiwa huko. Atakuja Mungu akijalia. Mwamvita alisema amina, na alijua amina ile ni ya nini.

Shakila hakumsimanga. Alisema tu, "Tulielewana, mama." Walikubaliana atashuka karafuu zikishaanuliwa.

Katika muda ule uliobaki, Mwamvita alifanya kazi ambayo hakufundishwa na mama yake. Alianza kurudisha uchafu. Alikwenda kwenye mteremko akaokota vipande vya gogo, akavibeba kimoja kimoja kichwani, akavilaza majini palepale. Alichimbua kangaga porini akazipanda ukingoni. Juu, mahali matawi yalipokuwa, alimwomba Mwinjuma amsimamishie fito, wakaezeka majani makavu ya migomba ili kivuli kirudi. Mwinjuma alisema tangu azaliwe hajaona kisima kinajengewa kibanda, lakini alikuja kila alipoitwa, na siku moja alileta karai la majani mabovu kutoka kwake bila kuombwa na bila kutania.

Majani ndiyo yalikuwa shida. Yalihitajika mengi. Kwa hiyo Mwamvita aliacha kufagia uani. Aliacha majani ya mfenesi yaanguke, yalale, yaloweshwe na mvua, yaanze kuoza, kisha akayazoa na kuyapeleka bondeni. Mwanzoni ilimuuma kama kutembea bila nguo. Asubuhi mkono ulikwenda wenyewe kwenye fagio, akauzuia. Baadaye alilifunga fagio kwa kamba, akalitundika darini.

Shakila alipanda kumchukua siku ambayo hakutarajiwa. Alifika uani akasimama. Majani yalifika mpaka kizingitini. Mlangoni pa mama yake, mwanamke aliyemchapa utotoni kwa kuacha alama za fagio zisizonyooka, uwanja ulikuwa kama wa nyumba iliyofiwa. Alipiga kelele, "Mama!" akaingia ndani mbio.

Mwamvita alikuwa jikoni, mzima, anamenya gimbi.

Ilichukua muda kuelezana. Shakila alisikiliza habari za majani na gogo akiwa amekaa kitini, mkoba bado uko begani, na kadiri alivyosikia ndivyo alivyozidi kuogopa. Mwishowe akasema afadhali amwone huyo mdudu. Walishuka pamoja. Walikaa chini ya paa lile la majani ya migomba, kwenye giza lile la kutengeneza. Maji yalianza tena kuwa meusi. Hakuna kilichokuja.

"Yule binti alikaa hapa na wewe hivi?" aliuliza Shakila.

"Alikaa."

"Ukampikia. Ukamlaza kwenye kitanda changu." Shakila alikuwa anatazama maji. "Mimi nimepaka chumba rangi, mama. Kila Ijumaa nakuambia njoo. Hujawahi kuningoja mimi hivyo. Nikija Idd, unaniuliza narudi lini."

Mwamvita aliokota jani, akaliweka majini. Ilikuwa kweli. Alikuwa anamuuliza anarudi lini kwa sababu alitaka kujua amebakiwa na muda gani wa kufurahi, lakini hilo alikuwa hajawahi kulisema, na sasa lingesikika kama uongo. Alimshika binti yake mkono. Mkono ulikuwa mgumu wa kubeba matenga, kama wa kwake.

"Nilikuwa nakuuliza kwa uoga," alisema mwishowe.

Shakila aliufuta uso kwa kiganja. Mkono ulioshikwa hakuuondoa. Kesho yake alirudi mjini kwa ajili ya genge, akachukua nguo za mama yake nusu, kwenye mfuko wa rambo, ziwe zimetangulia. Wiki inayofuata zingefuata nyingine na mwenyewe.

Siku mbili kabla ya kushuka, Mwamvita alikwenda kisimani kuaga. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi. Alisimama mwisho wa njia, akavua kandambili, na kabla hajatoa salamu akamwona. Alikuwa juu ya kipande cha gogo, mweusi, mwembamba, ncha ya mkia ina unga mweupe. Mabawa yalikuwa mapya, bado yana unyevu. Alikuwa ametoka majini, kwenye tope ambalo fagio halikulifikia. Alikuwa dume, mmoja, ameshika kituo chake, anasubiri.

Mwamvita alipiga hatua moja. Kereng'ende akaruka, akapotea, akarudi palepale. Akapiga ya pili. Akaruka tena, na safari hii alichelewa sana kurudi. Mwamvita alirudi nyuma polepole, kandambili mkononi, mpaka migomba ikamficha.

Alipanda jabali. Namba ya Editha ilikuwa ya kwanza kwenye simu; Shakila ndiye aliyeipanga hivyo, zamani, kwa dhihaka. Mwamvita aliitazama. Angepiga, pikipiki zingekuja, viatu vingekuja, wageni wangekaa kwenye mawe. Angepika wali. Angesikia mtu akipiga mwayo chumba cha pili. Alitamani hivyo, naye hakujidanganya kuhusu tamaa hiyo. Lakini alijijua vilevile. Wakija wageni, mikono yake itatafuta fagio. Na yule mdogo kule chini alikuwa mmoja tu, na hatua mbili tu zimemfukuza.

Akapiga namba ya pili.

"Sishuki, mwanangu."

Kelele za sokoni zilisikika nyuma ya Shakila. "Ni yule binti amerudi?"

"Hapana. Yeye hajui. Ni mmoja wao, amezaliwa hapa. Nikiondoka, watu wa chini watapanda kabichi mpaka kwenye maji."

"Mpigie basi Editha umwambie."

"Akipata mwenzake, nitapiga. Wakiwa wawili. Sasa hivi hapendi kutembelewa."

Shakila alimwambia mteja asubiri. Mwamvita alingoja, na alijua kwamba safari hii anamngoja Shakila kweli, si mtu mwingine.

"Nguo zako zipo huku," alisema Shakila.

"Niletee Idd."

"Nikija, utanifagilia?"

"Uwanja nitafagia, mpaka kwenye mfenesi. Kule bondeni hapana."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Alilishusha fagio kutoka darini. Alifagia uani, mistari imenyooka, na alipofika kwenye mfenesi alisimama akageuka. Njia ya kisimani akaiacha iote majani. Maji akawa anachota mbali zaidi, kijito kinapotoka msituni, na alipopita na ndoo kwenye ule mwanzo wa njia hakugeuza shingo, ingawa ilitaka kugeuka. Mara mojamoja tu, baada ya mvua, alikwenda kuchungulia kutoka kwenye migomba.

Ijumaa alipanda jabali. Shakila aliuliza habari za magoti, habari za karafuu, habari za Mwinjuma. Kisha akauliza lile ambalo siku hizi huliacha mwisho.

"Wamekuwa wawili?"

"Bado ni mmoja."

"Na wewe?"

Mwamvita aliyatazama mapaa yaliyobomoka ya kitongoji chake, na chini, mbali, moshi wa jiko la Mwinjuma.

"Na mimi," alisema, akauliza bei ya nyanya.